Nafasi ya Nne Garini

Kampuni ilitugawia fomu ya kuuliza nini kinamfanya mtu akubali au akatae kupanda gari moja na wenzake kwenda kazini. Visanduku vya kuweka vema vilikuwa vitatu: mafuta, foleni, umbali. Ebo! Cha harufu kiko wapi? Mimi ndiye mwenye gari, mimi najua.

Kiwandani kwetu tunashona sare. Gari likiwa na watu wanne linaegeshwa ndani. Wakipungua, unaliacha barabarani na kukanyaga vumbi. Basi nikawa nawabeba shemeji yangu mpiga pasi, Bonge wa stoo, na mshona vifungo mmoja tuliyembandika jina la Mama Dawa. Alimuuguza mama yake aliyepooza, na mafuta ya kumchulia alikuja nayo mikononi kila siku. Tunafungua madirisha, wapi! Halafu mpole, anashukuru akipanda, anashukuru akishuka. Upole wake ulinikera kuliko harufu.

Gari la msimamizi wetu lilipoharibika, Bonge alinivuta pembeni. "Dada, msimamizi ndiye anayeandika wachelewaji. Mpe kiti."

"Nyuma wanaingia wawili tu, na mmoja wao ni wewe. Mama Dawa nimpeleke wapi?"

"Kwani gari la nani?"

Kumfukuza usoni nilishindwa. Tukaona heri tusogeze muda wa kuondoka pale kona tunapokutania, kutoka kumi na mbili na nusu hadi kumi na mbili na robo, tuambiane wote isipokuwa yeye. Alikwisha chelewa mara mbili, siku mama yake alipozidiwa. Lango hufungwa saa moja kamili, na ukikosa mara ya tatu huna kazi. Tulijua sote. Shemeji peke yake ndiye aliyeguna, "Shemeji, tunammaliza mtu hivi hivi." Nikamwambia basi ashuke yeye ampishe.

Kesho yake msimamizi alikaa mbele, miguu kainyoosha. Tukiwa njiani simu yangu ikaita, ikaita tena, mara sita.

"Nani huyo?" msimamizi akauliza.

"Mume wangu, anatafuta soksi."

Tukacheka mpaka Bonge akapaliwa.

Saa moja na dakika tano nilimwona Mama Dawa kupitia dirisha la chumba cha kukatia vitambaa. Alikuwa amekuja mbio, kiatu kimoja kakishika mkononi, anamsihi mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa. Msimamizi alitoa daftari lake, akaandika, akaendelea na chai.

Jioni Mama Dawa akabisha kwangu. Nikajiandaa kwa matusi, na wallahi ningeyapenda, maana matusi nayaweza.

"Dada, nisamehe," akasema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nilipofika pale kona hampo. Saa yangu ya ukutani lazima inarudi nyuma. Wameniachisha kazi, lakini kosa ni langu. Mlinisubiri sana?"

Mume wangu aliacha kula, akaniangalia. Neno moja la kweli lingemtosha aende kwa meneja akajitetee. Lakini angetutaja, na msimamizi angejua kiti chake nilikipataje.

"Dakika kumi nzima," nikasema. "Kidogo utuponze na sisi."

"Jamani, poleni." Akafuta machozi kwa kiganja. "Na Bonge mwambie anisamehe."

Nikamwambia nitamfikishia.