Maneno Yaliyongoja Nje ya Sikio la Kushoto

Jana Jumapili, baada ya wali na kisamvu, nilijinyoosha mkekani na eafoni masikioni. Usingizi ukanichota, na humo usingizini nikaota nimekuwa mwenyeji wa wageni wawili ndani ya masikio yangu mwenyewe.

Kabla sijafika mbali, niwaeleze shida niliyolala nayo. Mimi huandika safu katika gazeti moja la wiki hapa Tanga. Napewa kifaa, nakitumia siku tatu, kisha natoa alama: sauti kumi, starehe kumi, umbo kumi. Ijumaa nililetewa eafoni, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Mchana huohuo nilikuwa nimezivaa zote mbili, nasikiliza besi, mke wangu Zaituni aliponijia kibarazani akasema jambo. Midomo niliiona ikicheza, ila sauti sikuisikia. Nami kwa uvivu wa kuchomoa eafoni, nikaitikia kwa kichwa.

Akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu binti yetu Siwema aende shule ya bweni. Jioni aliimba jikoni. Jumamosi aliimba tena. Mimi nikawa natabasamu naye kama mtu anayejua, kumbe sijui hata nimekubali nini. Kumuuliza ni kukiri kwamba sikumsikiliza, na kunyamaza ni kungoja siku ifike niumbuke. Na jana asubuhi akaniambia, "Leo ndiyo leo, Baba Siwema. Saa kumi alasiri, usije ukasahau." Nikajibu, "Nitasahauje?" Hapo hofu ilinishika kweli.

Sasa ndoto yenyewe.

"Hodi!" nasikia.

Nimekaa kwenye kochi, na kochi limo ndani ya sikio langu la kushoto. Sishangai. Sikio ni sebule kama sebule nyingine, ila kuta zake zina joto kidogo. Mlangoni ameketi mzee wa rangi ya asali, mwili wote unanata, funguo kiunoni.

"Mimi ni Nta," anasema. "Nalinda mlango huu tangu uzaliwe. Kila Ijumaa wanitoa kwa pamba, kila Jumamosi narudi kazini. Sina kinyongo."

"Shikamoo, Mzee Nta."

"Marahaba. Una wageni."

Wageni ni zile eafoni, wamesimama wima na kofia zao za mpira kichwani, wameshikana kwa waya mmoja. Ni mapacha, kwa hiyo wa kulia anaitwa Kulwa na wa kushoto Doto.

"Tumekuja kupimwa," anasema Kulwa.

"Karibuni. Tuanze na sauti."

Mzee Nta anafungua mlango, na Besi anaingia. Ni mtu mnene sana, anakaa kwenye makochi yote matatu, likiwemo langu. Nyuma yake sauti nyembamba inapita chini ya mlango ikiomba radhi. Namweka Besi kwenye mizani ya muuza viazi iliyokuwa pale pembeni. Ana kilo nane na robo. Naandika: sauti, nane na robo.

"Mizani yako inapunja," Besi analalamika.

"Ndiyo mizani ya gazeti," namjibu.

Nageukia umbo. Waya ni mfupi, na juu ya ufupi wake umejifunga mafundo kumi na moja. "Kwa kujisokota huku nakukata alama nne," nauambia.

"Sijajisokota," waya unasema. "Nimejikumbatia. Babu yangu alikuwa akikumbatia watu wawili kwa mpigo, mimi nimepewa mmoja tu."

Nikamkumbuka huyo babu yake. Enzi za uchumba, mimi na Zaituni tulikuwa na eafoni moja kati yetu, kulia mimi, kushoto yeye, na tulitembea bega kwa bega kwa sababu waya haukuruhusu vinginevyo. Nilimkumbuka vizuri, lakini kazi ni kazi. Nikaandika sita.

"Sasa starehe," nasema. "Doto, unakaaje humu?"

"Nimekunja miguu tangu Ijumaa," anasema Doto. "Vinginevyo pazuri."

Mzee Nta anahesabu vidole. "Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Anafungua kabati, anatoa jembe lenye mpini wa kijiti cha kiberiti, anamkabidhi Doto.

"Shamba liko wapi?" anauliza Doto, wala habishi.

"Pita uani."

Tunafungua mlango wa uani na tunajikuta kwenye ukumbi wa zahanati. Kuna benchi refu, na juu ya benchi wamepangana wanawake saba, kila mmoja kimo cha chupa ya soda. Wote wana sura ya mke wangu na wamejifunga kanga yake ileile yenye maua ya kijani.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Sisi ni maneno ya mkeo," anasema wa kwanza. "Mimi ni Chumvi Imekwisha. Huyu ni Siwema Kapiga Simu Anakusalimu. Yule anayesinzia ni Hivi Unanisikia."

"Mbona mko nje?"

"Tulipiga hodi mara tatu, mwenyeji hakuitika. Mwenye adabu hapigi ya nne."

Nikaona haya, haya za kweli. Zilipanda mpaka masikioni, kuta zikawa nyekundu, na Mzee Nta akaanza kuchuruzika.

"Punguza haya, mwanangu," akasema. "Mimi ni mtu wa kuyeyuka."

"Neno la Ijumaa mchana," nikamuuliza yule wa kwanza, "lile la kibarazani. Liko wapi?"

"Lilichoka kungoja. Limekwenda kusimamia kilimo."

Naam. Zahanati haipo tena. Tuko nyuma ya nyumba yetu, kwenye kile kipande cha ardhi ambacho kwa miaka sita hakijaota kitu zaidi ya magugu na ndala moja. Doto analima, kofia ya mpira imelowa jasho. Kando ya ukuta limesimama neno la Ijumaa, mikono kiunoni, refu kuliko wenzake.

"Nasikia umeshakubali," linaniambia.

"Nimekubali nini?"

"Sisemwi uani mimi. Nikaribishe ndani."

Nataka kusema karibu. Badala yake kichwa changu kinaitikia. Juu, chini, juu, chini. Nakishika kwa mikono miwili kitulie, na mikono nayo inaitikia.

"Hiyo siyo karibu," linasema neno, na linaanza kutafuta njia ya kuondoka.

Saa ya ukutani, ambayo haikuwa na ukuta, inasema: "Kumi kasoro dakika moja." Kutoka sikio la kulia, alikorudi kazini, Kulwa anapaza sauti, "Bado sijamaliza wimbo!" Najua kabisa kwamba neno hili likiondoka, nitafumbua macho mbele ya Zaituni nikiwa sijui kitu, na lile tabasamu halitarudi mwaka huu. Nikaukamata waya nikavuta. Waya ukalia. Kulwa akachomoka kama kizibo cha chupa, na Besi akaporomoka kwenye makochi yake akabingirika hadi nje ya nyumba.

Pakawa kimya. Sikuwa nimesikia kimya tangu Ijumaa.

"Karibu," nikasema. Kwa mdomo.

Neno likavua kandambili mlangoni, likaingia, likakaa. Likasema kwa sauti ya Zaituni, polepole:

"Baba Siwema, Jumapili saa kumi tukalime kule nyuma, mimi na wewe. Mchicha upande wa bomba, bamia upande wa ukuta. Tangu mtoto aende bweni nyumba imekuwa kimya, na wewe umejiziba masikio. Nataka kitu tukifanye wawili."

"Baba Siwema! Amka, saa kumi hiyo."

Nikafumbua macho. Zaituni amesimama kando yangu, kanga ya maua ya kijani kiunoni, majembe mawili mkononi. "Unakumbuka tulichokubaliana, au Ijumaa ulikuwa unatikisa kichwa tu kama mjusi?"

"Mchicha upande wa bomba," nikasema. "Bamia upande wa ukuta. Mimi na wewe, maana nyumba imekuwa kimya."

Akayashusha majembe taratibu. "Kumbe ulinisikia," akasema. "Na mimi siku zote hizi najiambia, huyu nasema naye bure."

Ningeweza kuishia hapo nikawa shujaa. Sikuweza. "Nimechelewa kukusikia, Mama Siwema. Nisamehe. Lakini yamefika. Na chumvi imekwisha."

"Imekwisha tangu Ijumaa! Wali uliokula leo ni wa chumvi ya kuazima."

Alisema hivyo huku akicheka, nami nilifurahi mno kuisikia ile sauti yake kamili, na kwato za mbuzi wa jirani zikipita nyuma yake. Eafoni zilikuwa zimechomoka, zimelala mkekani. Nikaokota ya kushoto nikamchomekea sikioni kama zamani. Akaitoa palepale.

"Umeitia wapi hii? Ina udongo."

Nikaitazama. Kwenye mpira wake umeganda udongo mwekundu, bado mbichi. Nikaipangusa kwa shati, nikamrudishia, nikavaa ya kulia, tukaenda nyuma ya nyumba bega kwa bega kwa sababu waya ni mfupi.

Kando ya ukuta, katikati ya magugu, lilikuwepo tuta moja. Upana wake ni wa kiberiti, urefu wake hauzidi kidole. Limenyooka vizuri, limemwagiwa maji.

Zaituni akachuchumaa. "Nani kalima hapa?"

"Mgeni," nikamwambia. "Leo ni siku yake ya tatu."

Akanitazama, akalitazama tuta, akanipa jembe. Tukaanzia pale mgeni alipoishia, kulia mimi, kushoto yeye. Alama nilizituma leo asubuhi: starehe kumi, na zile nne za waya nimezirudisha.