Plagini ya Bosi

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo za mwanawe. Yeye huandika programu za kompyuta akiwa nyumbani, na bosi wake alishamwonya: kazi waliyoagizwa na hospitali moja, ambayo siku hiyo ndiyo ya kuikabidhi, ikipita saa tisa mchana hata kwa dakika moja, ruhusa imekwisha, arudi ofisini. Na kitoto kina miezi minne, kinanyonya.

Asubuhi hiyo programu anayoandikia ikaanza kumsumbua: toleo jipya limetoka, toleo jipya! Akabonyeza ndiyo, angalau imwache apumue. Ilipowaka tena, kila herufi aliyoiandika ilichukua nusu dakika kutokea, utadhani imepanda ghorofa kumi kwa miguu.

Akampigia mwenzake wa kazini, wanayemwita Mjuaji.

"Zima, uwashe," akasema Mjuaji.

"Nimezima mara tatu, kaka."

"Basi zima vizuri."

Akakata simu. Akampakata mtoto, akaanza mwenyewe. Ndani ya programu ile mlikuwa na plagini thelathini na mbili, yaani vijiprogramu vya kupachika: kimoja cha kupaka maneno rangi, kingine cha kukamata makosa, hata kimoja cha kumtembeza paka chini ya kioo. Akazizima zote, mashine ikawa nyepesi. Akawasha nusu: salama. Akawasha nusu ya zilizobaki: salama. Huku anagawa, huku ananyonyesha, hadi saa saba ikabaki moja. Alipoiwasha tu, kila kitu kikaganda.

Ni ile aliyoileta bosi mwenyewe, ya kupima kama wafanyakazi wanafanya kazi.

Akaizima, akaandika kama anayefukuzwa. Saa tisa kasoro dakika tano akaituma kazi. Simu ikalia papo hapo.

"Dada, kazi nimeipata, safi kabisa," akasema bosi. "Lakini kipimo kinaonyesha hujagusa kitu tangu saa saba."

"Bosi, si kazi unayo hapo?"

"Kazi ninayo. Kipimo je? Kiwashe, la sivyo kesho nakutaka ofisini."

Akakiwasha. Kompyuta ikaganda, feni ikavuma kwa uchungu. Kule kwa bosi mstari wa kipimo, kikidhani mhangaiko wa kompyuta ni wa mtu, ukapanda hadi asilimia mia.

"Umeona sasa! Hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi. Baki huko huko nyumbani, ila usikizime."

"Sikizimi, bosi."

Mtoto alikuwa ameshalala. Mjukuu wangu akajinyoosha ubavuni pake, kipimo kikiendelea kumsifu kwa bosi, naye usingizi ukamchukua.