Darubini Haing'ati Mtu

Masele alikuwa na mdomo, hilo hata mama yake mzazi hakulikana. Katika kambi ya uwindaji iliyokuwa mpakani mwa pori la akiba, upande wa mashariki wa Bariadi, kazi yake ilikuwa kuwaonesha wageni namna ya kufyatua bunduki za nyati bila kuumia, na aliifanya kama mhubiri aliyekabidhiwa kipaza sauti kipya.

"Hii ina teke kuliko punda," angeanza. "Ukifyatua, inarudi nyuma, na darubini iliyo juu yake inarudi nayo. Jicho likiwa karibu, utakwenda kwenu na mwezi mchanga kwenye paji la uso."

Kisha angewaelekeza. Kitako kikae begani sawasawa, kisilegee. Shavu litulie juu ya mti wa bunduki. Kati ya jicho na darubini kibaki kiganja kizima. Ukiona giza limezunguka picha, usijivute mbele kulifukuza. Inuka, ujipange upya. Mgeni asiyesikia alipata mwezi wake, na Masele alimcheka kwanza ndipo akamtafutia pamba.

Basi siku moja mgeni alikosa shabaha kila alipojaribu, na Masele, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akaona asiwanyime raha. Akaichukua bunduki, akalala kifudifudi chini ya mteremko, shabaha ikiwa juu kule. Ukilala hivyo na kulenga juu, kichwa chenyewe kinasogea mbele, na hilo alilifundisha kila wiki. Picha ikawa na giza pembeni. Akajivuta kidogo tu. Bunduki ikampa haki yake, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule mgeni.

Aliyemshona ni Esteria, muuguzi wa zahanati moja pale Somanda, ambaye pia alikuwa mchumba wake. Alimshona huku mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokibana. Jeraha lilikuwa zuri ajabu: mwezi mwembamba, safi, katikati ya nyusi. Masele akamwapisha asimwambie mtu. Alimpenda Esteria kwa moyo wote, lakini jina lake la bingwa alilipenda pia, na alidhani anaweza kubaki na vyote viwili.

Jumapili ile akaenda Nkololo na mshenga wake, Luhaga, kupanga habari ya ng'ombe wa mahari. Baba yake Esteria, Mzee Mayige, alikuwa mzee wa kanisa wa aina ya pekee. Aliwahi kumkemea shetani ndani ya trekta lililogoma kuwaka, na trekta lilipokubali kuwaka baada ya kutiwa dizeli, shukrani zilikwenda mbinguni. Alimwangalia Masele usoni kwa muda mrefu.

"Hicho nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Tawi la mti, baba. Lilinichapa nikiwa porini."

"Tawi." Mzee akasogea karibu, akavaa miwani. "Tawi likachora mwezi. Katikati kabisa. Halikukosea hata kidogo."

Kila mtu sebuleni alijua mzee anawaza nini. Mkato mzuri hivyo, mahali pale, ni chale. Na kijana anayechanjwa chale wakati anaposa, amekwenda kwa mfumu, mganga wa kienyeji, kutiwa samba, ile dawa ya mvuto inayomfanya binti wa watu apoteze akili. Ghafla mzee akaelewa kwa nini binti yake msomi alimkubali mtu mwenye mdomo kama huu.

Luhaga akamkanyaga Masele mguu, na Masele akasema kweli yote: mteremko, darubini, ujinga wake. Kweli ikichelewa inapokewa kama mgeni aliyefika sahani zimeshaoshwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kikao kimefungwa na ng'ombe wabaki kwao. Esteria alipopiga simu kuapa kuwa yeye ndiye aliyeshona jeraha lile, baba yake alimhurumia sana. "Aliyetiwa samba atasema lolote, mwanangu. Si kosa lako."

Masele hakulala vizuri tena. Aliona wazi kuwa atampoteza Esteria kwa sababu aliona aibu kusema sentensi moja fupi. Mwishowe Elia, bosi wake pale kambini, alimwonea huruma, akamwalika Mzee Mayige siku ya kupima shabaha za bunduki, aje ajionee chombo chenyewe. Mzee akafika asubuhi na bodaboda, amevaa koti la ibada, Biblia kwapani.

"Mwangaluka, baba," Masele akamwamkia kwa kuinama.

"Mwangaluka. Haya, nioneshe hilo jini lako."

Akakalishwa nyuma, akapewa vya kuziba masikio. Masele akakaa mezani, bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Tangu aumie alikuwa hajaigusa bunduki ile. Lakini mbele ya baba mkwe akafanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Kitako begani. Shavu chini. Kiganja kizima. Akavuta triga taratibu. Mlio ukatikisa vichaka, bunduki ikaruka, bega likaipokea, na risasi ikatoboa katikati ya shabaha. Elia akapiga makofi.

Masele akageuka akitabasamu, uso mzima, hana hata mkwaruzo mpya. Ndipo akaiona sura ya mzee.

"Nimeona," alisema Mzee Mayige. "Imeruka, imerudi, haikukugusa. Darubini haing'ati mtu."

"Baba, nimeshika vizuri ndiyo maana—"

"Na siku ile? Si wewe mwalimu wao? Mwalimu hajui kushika?" Akasimama, akajikung'uta vumbi. "Nitamwombea binti yangu. Na wewe nitakuombea, ukinipa nafasi."

Masele akamtazama akielekea kwenye bodaboda. Angeweza kumfuata na kumweleza habari ya mteremko kwa mara nyingine. Angeweza kumlilia. Lakini mdomo huo uliowachosha wageni wa kila taifa ulikuwa umeshindwa mara mbili, basi akaigeukia bunduki.

"Baba," akasema. "Ngoja kidogo. Rudi ukae."

Akaweka risasi nyingine. Akakilegeza kitako begani. Akajivuta mbele, mbele zaidi, mpaka kope zikakaribia kugusa kioo, na machozi yakaanza kumtoka kwa woga kabla ya lolote. Elia alielewa kilichokuwa kinakuja. "Masele, wewe, usithubutu—"

Alithubutu. Alipofungua macho alikuwa chali kwenye vumbi, damu ya paji la uso ikimtiririka hadi puani na masikioni, na Mzee Mayige amemwinamia na miwani yake, akichunguza kwa makini kama mnunuzi mnadani. Mwezi wa pili ulikuwa juu kidogo ya ule wa kwanza. Upana ule ule. Mkunjo ule ule.

Mzee akaigusa ile alama mpya kwa kidole, akaitazama darubini yenye damu kwenye ukingo wake, akarudi kuitazama alama. Akapumua kwa nguvu. Biblia akaiweka chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akatoa leso yake ya kanisani na kumkandamizia Masele kwenye jeraha. Kwa mkono mwingine akatoa simu.

"Mama Esteria," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa faraja. "Tulimkosea huyu kijana. Hajakwenda kwa mfumu, gete, kweli kabisa. Ni mjinga tu."

Akasikiliza. Chini kule, Masele alishikilia leso na kungoja, na hakuwahi kulitaka neno lolote la sifa kama alivyolitaka hilo la ujinga lisimame.

"Ndiyo, nimeona kwa macho yangu. Mjinga kabisa, hana hila hata chembe," mzee akasema. "Mwambie Luhaga alete ng'ombe."