Diski Iliyolala na Salfa

Kompyuta ilisema diski ile haina hata ukubwa: sifuri. Jina lake nalo lilikuja kichekesho, herufi zimeparaganyika. Chini yake ikaniomba ruhusa ya kuiandaa upya, yaani kufuta kila kilichomo, kana kwamba imetoka dukani jana. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha ndiyo. Miaka minne imepita, na kidole kile bado sijakisahau.

Bi Mwanaidi alikuwa ameketi upande wa pili wa meza yangu ya kutengenezea kompyuta, pale mjini Chikongola. Alikuwa ametoka kijijini Kitaya alfajiri. Ndani ya diski, alisema, yumo marehemu baba yake akigawa mikorosho, siku tatu kabla ya kufa. Kwetu sisi watoto wa watumishi wa serikali tuliohamia huku, shamba ni shamba. Kwa wenyeji, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mzee alimpa binti yake mikorosho arobaini ya bondeni. Kaka yake Mwanaidi, Saidi, aliyekuwa akiishi Chuno, hapa hapa mjini, hakuwepo siku hiyo na alikuwa anataka ushahidi. Simu iliegemezwa kwenye kikombe ikarekodi, kijana wa Mwanaidi akaihamishia diskini na kuifuta simuni, na msiba ukawanyima moyo wa kuitazama. Ijumaa ukoo ungekaa kuamua.

"Mwanangu Irene, maneno ya marehemu yamo humo. Yakipotea, nami nimepotea."

Nikaondoa kidole. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikahamia kompyuta nyingine. Sifuri. Niliisogeza diski sikioni: inazunguka vizuri, haikwaruzi. Hapo udadisi ukanishika haswa. Kitu kizima, lakini ukikiuliza jina kinakutolea macho!

Nikafungua kasha. Harufu iliyotoka haikuwa ya vyombo vya umeme.

"Mama, hii ulikuwa unaiweka wapi?"

"Stoo, ndani ya mfuko wa salfa," alijibu kwa fahari. "Panya hagusi, mchwa hagusi, na mwizi anaogopa kupiga chafya."

Salfa, ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri! Nilicheka nikashindwa kujizuia, naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Nikalegeza skrubu za bodi ndogo ya chini. Vidoti vya shaba, pale bodi inapogusana na diski yenyewe, vilikuwa vyeusi tii. Salfa ilimkinga mzee na panya, halafu ikamziba mdomo.

Dawa yake ilikuwa kifutio cha penseli. Nilisugua kidoti kimoja kimoja, haraka haraka haina baraka, mpaka vyote vikang'aa. Nikafunga, nikachomeka. Jina likaja sawasawa, na ukubwa ukaja. Niliruka kitini kama mtoto. Nikanakili kila kitu kwanza, ndipo nikafungua video.

Mzee alikuwa kitandani, sauti nyembamba lakini haitetereki. "Mikorosho arobaini ya bondeni nampa Mwanaidi."

"Alhamdulillahi," alisema mama, machozi yakimtoka. Nilinyoosha mkono niizime. "Iache, mwanangu. Nimsikie sauti."

Kwenye video mzee alikohoa. Mwanaidi wa siku ile akainuka, akasema anakwenda kumchemshia maji, nyayo zake zikapotelea nje. Mzee akabaki peke yake akitazama mlango. Kisha akasema, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka deni la zamani: "Ila katika hiyo, kumi na mitano ya kando ya kisima ni ya Saidi. Aliipanda yeye, akiwa mdogo. Nilimwona."

Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yale. Mimi na mama ndio tulikuwa wa kwanza.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Ungeniambia diski imeshindikana, nani angejua?"

Niliigeukia skrini. Niliogopa kwamba ananiomba, na niliogopa zaidi kwamba ningekubali, maana nilikuwa nimeshampenda. Aliirudisha video nyuma kwa kidole kizito, akamsikiliza tena baba yake akisema, "Nilimwona." Mara ya tatu alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akatoa simu mkobani.

"Saidi," alisema. "Acha hicho unachofanya, uje Chikongola. Baba anakuita."

Nikainuka kwenda kutafuta kiti kingine.