Wino Mwekundu wa Mwalimu Nelius

Susan alingoja waombolezaji wapungue, ndipo akamwekea Mwalimu Nelius daftari mapajani. Lilikuwa daftari la Kiingereza la mwanawe Murungi, waliyemzika mchana huo kando ya shamba la kahawa pale Githongo.

"Mwalimu, mimi Kizungu sijui. Lakini naona ulimwandikia sana. Hii nyekundu yote inasema aje?"

Nelius alilijua daftari hilo vizuri mno. Kidato cha Pili walikuwa wamehangaika wiki nzima na participles, yale maneno yanayotoka kwenye kitenzi kisha yanaenda kufanya kazi ya kivumishi, na Murungi alikosa sentensi tisa kati ya kumi. "Having picked coffee, the school was late." Yaani shule ndiyo iliyochuma kahawa, ikachelewa! Darasa zima lilicheka, na aliyelichekesha ni Nelius mwenyewe, maana ulimi wake haukujua kupumzika. Kosa aliliona upesi. Kwamba mtoto huyu huchuma kahawa kabla ya kuja shule, hilo hakuliona wala hakuuliza.

Chini ya ukurasa aliandika kwa hasira: acha kunipotezea wakati, usirudi darasani bila mzazi. Murungi akachukua begi lake akaondoka. Aliogopa kwenda nyumbani. Alijificha kwenye machimbo ya mawe angoje wenzake watoke shule, na ukingo ukamporomokea.

Mwalimu mkuu aliwaambia watu kaburini kwamba kijana alitoroka masomo. Nelius alisikia, akanyamaza.

"Inasema alikuwa na bidii," alijibu sasa.

Uso wa Susan ulichangamka kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Akamwita binti yake. "Karimi, kuja usikie vile mwalimu aliandikia ndugu yako. Hata wewe nataka uandikiwe hivyo."

Msichana alikuja akasimama, akitazama daftari. Nelius alijichukia.

"Mama Murungi, nimekudanganya. Hakutoroka. Mimi ndiye nilimfukuza. Hapa niliandika alete mzazi."

Susan alilichukua daftari, akapitisha kidole polepole juu ya maandishi mekundu.

"Mzazi ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Si ningekuja," alisema. "Hiyo siku nilikuwa tu hapa nyumbani, mwalimu. Ningekuja."