Alichokisema Mbele ya Hakimu

Fundi, kama wote walivyomwita, alikuwa mwanamke mshonaji wa sare za shule. Siku ile alipanda gari la kaka yake kupeleka mzigo. Njiani simu ya kaka ikalia, akaipokea, akaanza kubishana na mtu kuhusu matairi. Alipoinua macho, mzee wa baiskeli alikuwa tayari chini ya bampa. Akafa palepale.

Kaka aliwaambia polisi kwamba mzee alikatiza barabara ghafla kama kuku. Walipomgeukia Fundi, naye akaitikia.

Kwa miezi minne baada ya hapo Fundi hakuweza kusali. Akipiga magoti, maneno yanamkaukia mdomoni. Na huyu hakuokoka kwa kutafuta mchumba wala sare ya kwaya, aliokoka akamaanisha. Mwishowe alikwenda kwa mwendesha mashtaka akamwambia ana la kusema.

Mama, aliyeishi naye, akazinyaka habari. Alikuwa anapepeta mchele.

"Sikuombi useme uongo, mwanangu. Nakuomba unyamaze tu."

"Nimeshanyamaza, Mama. Nimeshindwa."

"Basi sema hukuona. Ulikuwa unahesabu sare zako."

"Niliona."

Mama akatua ungo chini. "Baba yenu alipokufa, nani aliacha shule akabeba zege ili wewe usome?"

Bega moja la kaka liko chini kuliko jingine mpaka leo kwa sababu ya zege lile.

Mahakamani alisimama, akasema. "Alikuwa anaongea na simu."

"Na wewe polisi uliwaambia nini?" hakimu akauliza.

"Niliwadanganya."

Kaka hakukunja uso. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la anayemwona. Akapewa miaka mitatu.

Wiki hiyohiyo Mama alihamia kwa wifi, mke wa kaka. Hakufoka wala hakulia. Alikunja godoro lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mlangoni akasema, "Umejitua mzigo wako, ukamtwika mwanangu."

"Na mimi si mwanao, Mama?"

Mama akamhimiza mwenye mkokoteni aongeze mwendo.

Jumapili Mchungaji alimsimamisha Fundi mbele ya kanisa, akasema huyu ndiye aliyeubeba msalaba wake. Watu wakapiga makofi, wengine wakatokwa machozi. Walipotoka nje, mama mmoja wa kwaya akamshika mkono. "Mungu akubariki, dada. Mimi nisingeweza." Tangu siku hiyo hakuna mshirika aliyebisha hodi kwake. Akikaribia kikundi, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Mtu aliyemtaja ndugu yake wa tumbo moja, wewe wa kukutana naye ibadani atakubakiza?

Alikwenda kwa binti wa yule mzee kuomba radhi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni.

"Miezi minne ulikuwa wapi?" akauliza. "Mtaa mzima ulisema baba alikuwa amelewa. Hajawahi kuonja pombe." Akafunga mlango.

Gerezani alikwenda mara mbili, kaka akagoma kutoka. Mara ya tatu akatoka, kanyolewa kipara, kakonda. Akakaa upande wa pili wa meza.

"Umekuja kuniombea?"

"Nimekuja kukuona, kaka."

"Wifi yako anasema kanisani wanakupigia makofi."

"Walipiga siku moja."

Kaka akaguna. "Na hiyo amani mnayoihubiri, umeipata?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo Mchungaji alivyoutangazia umma. Lakini uongo wake wote aliumalizia pale kwa polisi.

"Sijaipata."

"Afadhali," kaka akasema. Akainuka akaenda zake kabla askari hajamwita.

Sala zilimrudia, hilo ni kweli. Sasa anasali kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani, na maneno yanakuja. Anamtaja mzee, anamtaja kaka, anamtaja Mama. Kila mwezi anakwenda gerezani. Mara kaka hutoka, mara hatoki. Mama alibadilisha siku yake ya kwenda, wasije wakakutana getini.