Lita Kumi na Tano

Jumamosi asubuhi Mama Kimea alisimama juu ya gazeti sebuleni, mikono ameiachia, huku binti yake amepiga magoti akimpandishia pindo la gauni. Binti alikuwa mshonaji. Pini nne alikuwa amezibana midomoni, kwa hiyo alizungumza kwa pembe moja ya mdomo.

"Nusu sentimita. Ulipika lini?"

"Jumatano."

"Arobaini zilezile?"

"Ulitaka nipike ngapi, mwanangu? Arobaini."

Binti akaandika kwenye daftari la vipimo, kwenye ukurasa wa mama yake, ambao ulikuwa umebakiza mistari miwili tu. Katika miaka minane Mama Kimea alikuwa amepungua sentimita ishirini na mbili. Watu wa nyumbani walikuwa wameshazoea. Kioo cha bafuni kilishushwa mara tatu, kamba ya kuanikia nguo mara mbili, na chumvi ilihama kutoka rafu ya juu ikaja kukaa kando ya jiko.

Sababu nayo ilijulikana. Zamani alikuwa na sufuria ndogo ya kutoa lita kumi na tano za bia, na urefu wake ulitulia pale ulipofika alipoacha kukua. Kisha mumewe, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, akarudi siku moja na sufuria kubwa ya kutoa lita arobaini aliyoiokota bwalo la chakula la jirani na karakana yake lilipofungwa. "Sasa tutaacha kupika kama wagonjwa," alisema. Sufuria ndogo akaichukua yeye, akaipeleka karakanani kuwekea misumari.

Mama Kimea hakuwa wa kununua kopo la maji matamu ya kimea yaliyokwisha tengenezwa akalikoroga akasema amepika. Alianza na nafaka yenyewe. Maji yalipata moto hadi nyuzi sabini, kimea kilichosagwa kikatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko ukazamishwa, na kwa saa nzima ukalowa mpaka utamu wote ukahamia majini. Hapo hakuna kazi, hata kufuma mtu anaweza kufuma. Kazi ni kuutoa. Kilo tisa za kimea zikishakunywa maji hutoka zimekuwa kumi na nane, na lazima mtu auinue mfuko juu ya sufuria aushikilie mpaka uchuruzike, ndipo achemshe yale maji na maua machungu ya hopsi, ayapoze, ayatie hamira na kuyafunga ndani ya pipa. Mfuko aliushikilia Mama Kimea. Ulipomaliza kuchuruzika, yeye alikuwa mfupi zaidi kwa nusu sentimita.

Asiseme mtu kwamba Fundi hakujali. Kila alipoona mkewe hafikii mdomo wa sufuria, alimtengenezea stuli. Alikuwa ameshatengeneza saba, kila moja ndefu kuliko mwenzake, kwa mbao nzuri zilizopigwa msasa hadi zikawa laini kama shavu. Ya mwisho ilikuwa na ngazi tatu na mahali pa kushika. Wageni walizisifu. Mfuko hakuwahi kuugusa, kwa sababu ya mgongo. Mwaka binti alipoanza kutambaa, daktari alimwambia apumzike wiki mbili, na Fundi ni mtu wa kufuata maagizo. Mbao alibeba kutwa, lakini mbao, alisema, zina mshiko. Binti aliwahi kumwomba aweke ndoano darini ili mfuko uning'inizwe. Fundi aliitazama dari kwa muda, akasema dari si kitu cha kutobolewa ovyo.

Yote haya Mama Kimea aliyabeba bila kinyongo. Kilichomnyima raha kilikuwa dirisha la jikoni.

Kila asubuhi saa tatu dada yake mkubwa, mpishi wa hospitali, alipita nje ya dirisha hilo akienda kazini. Aliinua mwavuli, iwe mvua iwe jua, wakasalimiana. Walifanya hivyo tangu wote wawili wakiwa wanawari, kabla ya waume, kabla ya dirisha hilo na kabla ya mvi. Siku hizi dada aliona paji la uso na macho tu.

"Umekaa?" aliuliza.

"Nimesimama, dada."

"Haya."

Binti alikuwa amepima. Kati ya macho ya mama yake na kizingiti cha dirisha ilibaki sentimita moja. Stuli zilikuwepo, ni kweli, lakini Mama Kimea alisema hatamwamkia dada yake akiwa amepanda kitu kama kuku. Alitaka miguu yake iwe sakafuni.

Siku hiyohiyo ya pindo, adhuhuri, akaja Shemeji, mdogo wake Fundi, mtu wa vicheko na viatu vya kung'aa.

"Shemeji yangu, unazidi kupendeza," alisema. "Mwaka kesho nitakutia mfukoni niondoke nawe."

"Mfuko wako umetoboka, nitaangukia njiani."

"Sikiliza. Baada ya miezi mitatu natimiza sitini. Nataka watu wanywe bia ya nyumbani, si ya dukani. Lita themanini."

"Themanini?"

"Mizunguko miwili tu. Wewe hiyo ni kazi?"

Fundi, aliyekuwa anakula, akajibu kwa niaba yake. "Atapika. Mke wangu hajawahi kushindwa na sufuria." Kisha akamtazama mkewe kwa upendo, akaongeza, "Nitakutengenezea stuli ya nane."

Mama Kimea alikusanya sahani. Mizunguko miwili ni sentimita moja, na hesabu hiyo haihitaji daftari. Aliosha vyombo akiwa amelikazia macho dirisha, na Shemeji alipoondoka akamwita binti yake.

"Nisipopika watasema nimewaaibisha. Nikipika hizo themanini, dada yangu atakuwa anausalimu ukuta."

Binti aliukunja utepe wake wa kupimia. "Hujawahi kuniambia ulipungua kiasi gani ulipokuwa unapika kumi na tano."

"Sikupungua."

"Basi kuna mahali pa kusimama, mama, kati ya kumi na tano na arobaini. Tupatafute."

Jumatatu walikwenda kwa muuza kimea, mzee mnene mwenye vumbi la shayiri kwenye nyusi. Aliwasikiliza huku akipima magunia yake.

"Ninaye mteja mmoja mikono imemrefuka," alisema. "Ni kwa kubeba ndoo. Sasa hivi anafunga kamba za viatu bila kuinama, na mikono hiyo ameipenda. Wewe hupendi?"

"Mimi sipendi," alisema Mama Kimea.

"Sawa. Watu wakija hapa kupanga lita za kupika hutaja sufuria, au hutaja kiu yao. Mwenzio mmoja alihesabu viti vya sebuleni. Mimi huuliza ni nani atakayeutoa mfuko."

"Mimi."

"Basi anzia hapo, ushuke polepole. Lakini lita kumi na tano usizipikie ndani ya hiyo sufuria yako ya bwaloni. Maji yatakuwa ya vifundoni, mfuko utalala chini uungue, na moto utakukimbia kabla utamu haujatoka. Kumi na tano zinataka chombo chao."

Ndivyo majaribio yalivyoanza. Binti alichora mstari kwa penseli kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, juu ya kichwa cha mama yake, naye akapika lita thelathini. Mfuko ulipokwisha kuchuruzika alisimama tena pale mlangoni. Milimita tatu. Wiki mbili baadaye akapika ishirini. Milimita moja. Milimita saba kati ya zile kumi za dirisha zilibaki baada ya mara ya kwanza, na sita baada ya ya pili. Binti alizichora zote, mstari chini ya mstari, zimekaribiana kama mshono.

"Na kama hata kumi na tano sasa zinakula?" aliuliza Mama Kimea. "Wakati ule nilikuwa kijana."

"Tutajua."

"Hapo hakutakuwa na kushuka tena, mwanangu. Chini ya hapo ni kupika chai."

Sufuria ndogo ilikuwa karakanani, imejaa misumari. Fundi alipoombwa alikunja uso. "Na misumari nayo ikae wapi?" Binti hakubishana naye, aliimwaga yote juu ya meza ya kazi, akaondoka na sufuria kichwani. Nyumbani Mama Kimea aliisugua kwa majivu mara tatu mpaka kutu ikatoka na uso wake ukaonekana kwenye kitako. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo nyepesi.

Asubuhi ya siku ya kupika, dada alipita saa tatu, akainua mwavuli, akauliza kama amekaa. Mama Kimea akasema amesimama. Kisha akawasha jiko. Kilo tatu na nusu za kimea ziliingia, na saa ilipotimia akaushika mfuko kwa mikono miwili, akauinua akiwa sakafuni, bila stuli. Ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi saba. Aliushikilia. Ulichuruzika kwa kamba nene, halafu kwa kamba nyembamba, halafu kwa tone moja moja, na binti alikuwa ameshakaa mlangoni na penseli yake.

"Njoo."

Mama Kimea aliweka mfuko kwenye beseni, akakausha mikono kwa aproni, akasimama kwenye mwimo. Alifumba macho. Alisikia penseli ikikwaruza mbao juu ya utosi wake, halafu ikakoma.

"Mbona husemi?"

"Natafuta mstari mpya," alisema binti. "Hakuna. Penseli imeingia kwenye ule wa mwisho."

Mama Kimea alishusha pumzi ndefu sana, kama mtu aliyevua viatu vya kubana baada ya safari. Akakaa chini palepale kizingitini. Maji ya kimea yalikuwa yameanza kuchemka na jiko zima lilinukia mkate. Alikaa mpaka yakakaribia kufurika, ndipo akainuka kutia hopsi, na alipoinuka akajipapasa utosi, kuhakikisha.

Jumapili moja, bia hiyo ilipokwisha kuiva, Shemeji alikuja kuulizia maandalizi.

"Utapata kumi na tano," alisema Mama Kimea.

"Lita? Kwa watu wote wale? Tutagawana kwa kijiko?"

"Kijiko ukilete wewe."

"Na zile thelathini? Na zile ishirini?"

"Mlizinywa nyinyi wawili, mkilalamika kwamba ni kidogo."

Shemeji aligeuka kwa kaka yake. Fundi alikuwa na glasi mkononi na alikuwa ameshaonja. Alisema kumi na tano ni chache, hilo halina ubishi, lakini bia hii ya sufuria ndogo ina ladha ambayo alikuwa ameisahau.

"Basi apike mara sita," alisema Shemeji. "Kumi na tano mara sita ni tisini. Hata zitabaki."

"Mara moja kila wiki mbili," alisema Mama Kimea. "Na hizi nyingine zina wenyewe. Ukitaka zaidi, sufuria kubwa hiyo hapo, jiko hilo hapo. Kimea nitakuonyesha kinakouzwa."

Shemeji aliangalia sufuria kubwa, halafu akaviangalia viatu vyake. Sherehe yake ilifanyika kwa lita kumi na tano za nyumbani na makreti sita ya dukani, na watu waliimba. Alisimama akamshukuru kaka yake mbele ya wageni wote kwa bia tamu. Fundi akainua mkono akapokea makofi.

Sufuria kubwa ilihamia karakanani. Misumari ilienea vizuri sana ndani yake, Fundi alisema, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Urefu uliokwenda haukurudi. Chumvi ilibaki kando ya jiko na kioo kikabaki chini, lakini ule ukurasa wa daftari haukuhitaji mwingine, na mstari wake mmoja wa mwisho mpaka leo ni mtupu.

Dada alipita, mwavuli juu.

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kama jana?"

"Kama jana, dada."

"Haya, na kesho usibadilike," alisema dada, akaenda zake.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kupika. Maji yalipopata moto Fundi aliingia jikoni akiwa amebeba stuli ya nane begani. Ilikuwa nzuri kuliko zote saba, fupi, pana, yenye mgongo wa kuegemea na mto mdogo wa kitambaa. Aliiweka karibu na jiko, akaijaribu kwa mkono kama haiyumbi, kisha akaikalia.

"Nimeona unapika peke yako miaka yote hii," alisema. "Si vizuri. Nitakuwa nakaa nawe."

Mama Kimea alimshukuru. Aliuinua mfuko, akaushikilia juu ya sufuria, na wote wawili wakautazama ukichuruzika.

"Hauchoshi?" aliuliza Fundi.

"Huu? Huu ni mwepesi," alisema, na ilikuwa kweli.